Namba za Mbagathi ni za Nani?

Hebu nikuulize swali rahisi. Maji yanayopita Nairobi National Park saa hii, wakati unasoma hii kitu, ni masafi ama ni machafu? Kama ni machafu, ni kiasi gani? Yamezidi ya mwezi jana ama yamepungua?

Hujui. Sikulaumu, hata mimi sijui. Unajua dola imefika ngapi. Unajua Arsenal wako namba ngapi na Gor wanacheza lini. Ukitaka kujua kama mvua itanyesha kesho Rongai unatoa simu mfukoni, sekunde tatu umejua. Lakini Mbagathi, mto unaopita kwa mpaka wa mbuga iliyo karibu na tao kuliko mitaa mingi tunayoishi, hebu jaribu kutafuta uone utafika wapi. Utapata picha za simba. Utapata bei ya kuingia. Utapata msee amepiga selfi na twiga, nyuma kuna magorofa ya Upper Hill.

Na kitu inaniuma, manze, si ati huo mto haupimwi. Unapimwa. Wanafunzi wa vyuo wanaupima, miradi inaupima, watu wa serikali wanaupima. Mimi mwenyewe nimeupima, kwa hii mikono ninayoandikia.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Hio story ya karo nimeshaisema hapa, siirudii. Nikiwa nimekaa tu kejani nikapata kibarua cha msimu na mradi mmoja ambao sitautaja. Kazi ilikuwa kuchukua sampuli za maji na kusoma vifaa vya kupima hewa, kuanzia kabla ya mvua ya masika mpaka mvua iishe. Watu wakisikia kazi ya mbuga wanadhani ni kukaa juu ya Land Cruiser ukipigwa na upepo ukiangalia swara. Zii. Ni kuamka saa kumi alfajiri, gambuti zinazovuja, boksi la barafu linalokukata bega, na askari wa wanyamapori anayekuharakisha kwa sababu kuna nyati ameonekana kwa vichaka na yeye hana haja ya kuandika ripoti kuhusu maiti yako.

Lakini nitasema ukweli, niliipenda. Kuna ufundi hapo watu hawaujui. Unasimama mtoni ukiangalia maji yanakotoka, ndio matope unayokoroga kwa miguu yasiingie kwa chupa. Chupa ya vipimo vya kawaida unaisuuza mara tatu na maji ya mto huo huo kabla ya kuijaza. Ile ya bakteria usijaribu kuisuuza, imetoka maabara ikiwa safi kabisa na imefungwa, ukiigusa ndani umeharibu kila kitu. Unaizamisha chini ya uso wa maji, unajaza, unafunika, unaandika mahali, tarehe na saa. Halafu barafu. Halafu mbio, kwa sababu bakteria hawangojei jam ya Lang'ata Road iishe. Wakikaa masaa mengi idadi inabadilika, na ile sampuli uliyoitafuta na maisha yako inakuwa maji tu ya kumwaga.

Vitu vingine unavipima hapo hapo mtoni: joto, pH, chumvi, na oksijeni. Oksijeni ndio ilinibamba. Sikuwa nimewahi kufikiria ati maji yana pumzi. Samaki anapumua oksijeni iliyoyeyuka kwa maji, na ikishuka chini ya miligramu 5 kwa lita samaki wengi wanaanza kusota. Chini ya 2, wanakufa. Maji taka yakiingia mtoni bakteria wanayala, na wakiyala wanamaliza hio oksijeni. Kuna kipimo chake kinaitwa BOD: maji yanafungiwa gizani siku tano kwa joto la nyuzi 20, halafu unaangalia oksijeni imeliwa kiasi gani. Kanuni za ubora wa maji za Kenya za 2006 zinasema maji taka yanayomwagwa kwenye mazingira yasizidi BOD ya miligramu 30 kwa lita. Kwa hivyo sheria iko, imeandikwa, na imeandikwa kwa namba.

Halafu kuna wadudu. Hii sehemu hata mtoto wa darasa la sita anaweza. Unageuza mawe mtoni, unapitisha wavu, unamwaga kwa sahani nyeupe na unaangalia nani anaishi hapo. Kuna vidudu vidogo vyenye mikia mitatu ambavyo haviwezi uchafu, maji yakiharibika vinapotea kwanza. Kuna viminyoo vyekundu kama uzi ambavyo vinavumilia karibu kila kitu, vina damu kama yetu inayoshika oksijeni hata ikiwa kidogo. Ukikuta vyekundu tupu, na vyenye mikia hakuna, mto ushakuambia. Huko Afrika Kusini wameifanya hii kuwa mchezo wa shule, inaitwa miniSASS: unahesabu aina za wadudu, unapata alama, unajua hali ya mto bila maabara. Na kuna kitu tamu zaidi. Chupa inakuambia maji yako vipi dakika hio umeijaza. Mdudu anakuambia yamekuwa vipi kwa wiki nyingi, kwa sababu amekuwa akiishi hapo usiku na mchana, hata ile saa nane ya usiku wakati kuna mtu anafungua bomba lake akijua wapimaji wamelala.

Sasa. Wiki baada ya wiki niliandika hizo namba kwa fomu. Ukiniuliza leo zilikuwa ngapi, siwezi kukuambia hata moja. Fomu zilikuwa zinarudishwa kila jioni, na kuzipiga picha ilikuwa imekatazwa. Msimu ulipoisha nikaandika barua pepe ya heshima kabisa, na salamu na shukrani, nikiomba nakala ya matokeo ya vituo nilivyokuwa nikipima. Jibu likaja mstari mmoja. Data ni mali ya mradi.

Mali! Maji ya mto, ndani ya mbuga ya taifa, yamechotwa na mtoto wa Rongai ambaye posho yake ilichelewa wiki sita, saa hii ni mali ya watu fulani kwa laptopu fulani.

Wacha niguse hio posho haraka halafu tuendelee. Kazi za msimu za mazingira zimekuwa njia ya kutumia vijana bure na kuwaambia ni uzoefu. Mkataba hakuna, ama uko na haujawahi kuuona. Nauli unajitolea. Glavu zikiisha unaambiwa zitakuja wiki ijayo, na mto haungoji wiki ijayo, kwa hivyo unaingiza mkono mtupu kwa maji ambayo wewe mwenyewe unashuku yana choo. Buda, huo si uzoefu, hio ni taifodi inakungoja kwa foleni. Halafu ripoti inazinduliwa hotelini, kuna bafe, kuna mabango yenye picha ya mkono umeshika chupa. Mkono ni wako. Jina halimo, na mwaliko hukupata. Wenye digrii watatu wameandika kurasa 80 kuhusu mahali ambapo wengine hawajawahi kulowesha viatu. Najua nitaambiwa nina wivu kwa sababu sikumaliza chuo. Sawa, kuwa na hio. Lakini kipima oksijeni hakijawahi kuniuliza cheti.

Turudi kwa mto, kwa sababu wengine mnasema mimi naishi Kasarani, Mbagathi inanihusu nini.

Huu mto unatoka upande wa Ngong, unapita kando ya Karen na Rongai, halafu unakuwa mpaka wa kusini wa mbuga. Rongai mnaijua. Magorofa yanaota kama uyoga, na kwa miaka mingi choo imekuwa ni shimo na lori la kunyonya. Lori likijaa linaenda kumwaga wapi? Wewe unajua, mimi najua, mwenye lori anajua zaidi. Ukitoka mbuga mto unaingia Athi, unapita mji wa Athi River na viwanda vyake, unakutana na uchafu wote wa Mto Nairobi na wa Ngong River ambao umepita Mukuru na Industrial Area. Unashuka Machakos na Makueni. Huko watu wanamwagilia shamba na hayo maji, na sukuma wiki haijawahi kuandikwa jina la mto uliyoinywesha. Baadaye unaitwa Galana ndani ya Tsavo, na ukifika Malindi unaitwa Sabaki na unaingia baharini. Viboko wa pale Hippo Pools na mtoto anayeogelea Makueni wanaguswa na kitu kilichoanzia kwa bomba moja la ploti. Na juu ya hio yote, kuna bwawa kubwa la Thwake linajengwa kwenye huu huu Athi, na moja ya kazi zake ni kuwapa watu maji ya nyumbani. Maji ya kunywa, wasee. Sasa uniambie namba za Mbagathi ni siri ya mradi.

Kuna kitu kingine niliona nikiwa huko, na sijawahi kusikia mtu akikisema hadharani. Miradi mingi inapima kwa kalenda ya pesa, haipimi kwa kalenda ya mto. Pesa ikiingia Mei, kupima kunaanza Mei. Pesa ikiisha Agosti, chupa zinarudishwa stoo. Ukijua kidogo tu mambo ya mvua unaona huo ni upuzi. Mto mchafu una sura mbili. Wakati wa kiangazi maji ni machache, kwa hivyo choo kile kile kinachoingia kila siku kinakuwa kizito, hakuna kitu cha kukipunguza nguvu. Halafu mvua ya kwanza inakuja, na hio mvua ya kwanza ndio mbaya kuliko zote, kwa sababu inasomba kila kitu kilichokuwa kimelala barabarani, kwa mitaro, kwa majaa ya takataka, kwa shimo za choo zilizojaa, na kukisukuma mtoni kwa masaa machache. Wiki tatu baadaye mvua imekolea, mto ni mwingi, namba zinashuka. Ukianza kupima hapo utaandika ripoti nzuri sana. Maji yameimarika! Umepima mafuriko.

Na saa za kupima. Tulikuwa tunachukua sampuli Jumanne na Alhamisi, kati ya saa mbili na saa tano asubuhi, msimu wote. Kama una kiwanda, ama una ploti ya vyumba 60 na shimo limejaa, unahitaji akili kiasi gani kumwaga Jumamosi usiku? Nilisema hivyo kwa mkutano mmoja. Nikaambiwa ratiba ishapitishwa.

Hewa nayo ni comedy ya aina yake, ingawa huko nilikuwa nasoma tu skrini na kusafisha vumbi. Kitu kinachopimwa sana ni PM2.5, chembe ndogo ambazo unene wake haufiki mikromita 2.5. Unywele wako ni mnene mara 20 na kitu kuliko hizo. Kwa sababu ni ndogo hivyo haziishii puani, zinashuka mpaka ndani kabisa ya mapafu na zingine zinaingia kwa damu. Shirika la Afya Duniani lilipunguza kiwango chake mwaka wa 2021, sasa linasema wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo, na wa siku usizidi 15. Upande mmoja wa mbuga ni Mombasa Road na malori yake. Kando yake Industrial Area. Juu yake SGR imepita kwa daraja la kilomita kama 6. Upepo wa Nairobi mara nyingi unatoka mashariki, kwa hivyo unaokota hio moshi yote na kuipitisha juu ya faru mpaka Lang'ata. Hewa haina seng'enge. Na kuanzia Juni mpaka Agosti, ile baridi tunayolia nayo, hewa baridi inakaa chini asubuhi na kufunika moshi kama sufuria na kifuniko. Saa moja asubuhi, wakati watoto wa South C na Imara Daima wanangoja gari la shule.

Nani amewaambia hao wazazi kitu?

Sasa najua majibu yao, kwa sababu nimeyasikia yote. La kwanza ni kwamba data haijathibitishwa, mkiiweka nje mtaleta taharuki. Kwa hewa kuna ukweli kidogo hapo. Vifaa vya bei nafuu vinadanganywa na unyevu, asubuhi ya ukungu vinasoma matone ya maji kama moshi, na lazima vilinganishwe na kifaa cha uhakika. Poa. Si mseme hivyo? Weka namba, andika pembeni kwamba hii imesomwa wakati wa ukungu na haijarekebishwa. Watu wa hali ya hewa wanatuambia kila siku kuna uwezekano wa mvua, isiponyesha hatuchomi ofisi. Kwani ni hewa tu ndio mwananchi hawezi kuelewa neno "uwezekano"? Na taharuki gani? Mtu anayeishi Mukuru kando ya Ngong River anajua kunanuka. Kitu hana ni karatasi ya kupeleka mahali.

La pili wanasema polepole, mkiwa mmebaki wawili: tukitoa hizi namba, watu wataenda kortini. Eeh! Hapo sasa umeongea kama mtu mzima. Hio ndio kazi ya namba. Kifungu cha 42 cha Katiba kinakupa haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 70 kinakuruhusu uende mahakamani hio haki ikivunjwa. Tena kinasema wazi huhitaji kuonyesha kwamba kuna mtu amepata hasara ama ameumia. Hungoji mpaka mtoto alazwe. Lakini ukienda bila namba, wakili wa kiwanda atakuuliza swali moja tu, una ushahidi gani, na utaanza kumweleza jaji vile kunanuka.

Kuna wale wengine, na hawa ni sisi, watu wa kamera. Mabeshte, tunapenda mazingira ya picha. Novemba 13 mwaka wa 2023 tulipewa siku nzima ya mapumziko tupande miti, lengo la nchi ni miti bilioni 15 kufikia 2032, na kila mtu mwenye simu alipanda mti mmoja na kupost mara nne. Niambie wako unaendeleaje. Mto Nairobi umesafishwa mbele ya kamera tangu enzi za John Michuki, na saa hii vijana wetu wanalipwa kuingia ndani kutoa plastiki. Sidharau hio kazi, ni jasho la kweli na watu wanalisha familia nayo. Lakini plastiki ndio uchafu unaoonekana kwa picha. Choo kilichoyeyuka hakionekani. Unaweza kutoa kila mfuko na kila chupa kwa mto, upande maua ukingoni, uweke benchi na taa, na oksijeni ibaki sifuri. Bila kupima kabla na kupima baada, wewe umefagia tu.

Serikali ikitaka uone kitu, inajua kukuita. Aprili 2016 ndani ya mbuga hii hii ilichomwa tani 105 za pembe za ndovu, dunia nzima ikaalikwa, na zile picha ziko mpaka leo. Kama tunaweza kuonyesha dunia moshi wa pembe, tunashindwaje kuonyesha mtu wa Kitengela tarakimu tano za maji kila wiki?

Mtu atasema pesa hakuna. Lakini hii kazi tayari inafanywa! Tunazungumzia kubandika kitu kilicho kwa Excel. Na kama ni pesa, basi tuulize pia kwa nini kupima mto wetu kunategemea mfuko wa mtu wa ng'ambo. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na miradi mingi ya huku ikakatika katikati. Machi mwaka huo huo balozi zake zikaacha kutangaza vipimo vya hewa walivyokuwa wanaweka mtandaoni, Kampala na Addis Ababa zikiwemo. Mtu amezima swichi Washington, na watu wa Afrika wakapoteza habari za pumzi yao wenyewe. Vipimo vya mazingira vina maana vikiwa mfululizo, mwaka juu ya mwaka, kituo kile kile, mwezi ule ule. Ukiwa na msimu mmoja wa 2019 na mwingine wa 2023, huwezi kujua mto unapona ama unakufa. Una vipande viwili vya sinema na hujui nani aliuawa.

Na msiniambie haiwezekani Afrika Mashariki. Kampala hapo, safari ya basi la usiku, watu wa Chuo Kikuu cha Makerere walianza AirQo mwaka wa 2015. Wanatengeneza vifaa vyao wenyewe vinavyovumilia vumbi letu na stima zetu za kupotea, wengine wanavifunga kwa boda boda, na namba unazipata kwa simu. Mganda anafungua simu anaona hewa ya mtaa wake. Sisi ndio tuna makao makuu ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, hapo Gigiri, na mbuga ya taifa ndani ya jiji tangu 1946, kitu tunachojisifia kwa kila mgeni. Enyewe.

Kwa hivyo mimi nimeacha kuomba kwa upole. Kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016, na nimeisoma mwenyewe kwa sababu nilidhani ni ya mawakili na waandishi wa habari. Ni ya kila raia. Unaomba kwa maandishi, kwa Kiingereza ama kwa Kiswahili, sheria yenyewe imesema hivyo. Kupeleka ombi hakulipiwi, wanaweza kukulipisha kopi tu. Sababu yako haiwahusu. Wana siku 21 za kukujibu, na wakikunyima ama wakinyamaza unaenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, wale wa Ombudsman. Na hapa ndio nilisimama kwa kiti: sheria haifungi ofisi za serikali peke yake. Inagusa pia mashirika binafsi yaliyo na habari zenye umuhimu mkubwa kwa umma kuhusu mazingira ama afya. Soma hio tena, wewe wa "data ni mali ya mradi".

Barua zangu ni tatu, mbili kwa ofisi za serikali na moja kwa wale waajiri wangu wa zamani. Ziko kwa Kiswahili, ukurasa mmoja kila moja. Nimetaja kituo kwa kituo, mwezi kwa mwezi, kila kipimo: oksijeni, BOD, bakteria, pH, PM2.5. Nimeomba pia tarehe na saa ya kila sampuli, ndio tuone kama kuna mtu amewahi kupima Jumamosi usiku. Ukitaka nakala ubadilishe jina la mto uweke wako, iwe ni Gitathuru, Njoro ama Kibos, niandikie inbox nitakutumia, na kama unajua kusoma hizi namba kuliko mimi, pia niandikie, nitakuhitaji. Nilizipeleka kwa mkono na nikapigiwa muhuri wa kupokelewa kwa zote. Leo ni siku ya tisa. Wakijibu nitaweka hapa jibu lote vile lilivyo, hata kama ni mstari mmoja.